Miamba ya Chokaa na Utafutaji wa Mafuta: Kutoka Kolandoto hadi Pwani

Wakazi wa Kata ya Kolandoto, Manispaa ya Shinyanga, wanaishi juu ya miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Miamba hiyo ndiyo yenye dhahabu ya Geita, na ndiyo iliyopenywa na kimbalaiti yenye almasi ya Mwadui. Kwa kawaida miamba ya aina hiyo haina mafuta, kwa kuwa petroli hutokana na masalia ya viumbe yaliyofukiwa ndani ya miamba tabaka.

Miongoni mwa miamba tabaka ni mawe ya chokaa, yanayotokana na matumbawe na makombe ya bahari zenye kina kifupi. Wanajiolojia huyasoma kwa kufuatilia mfuatano wa tabaka zake. Bahari ilipopungua, chokaa ilibaki wazi, mvua ikaiyeyusha na kuacha matundu yanayoweza kuhifadhi mafuta. Bahari ilipopanda, matope yalitanda juu yake na kuwa mfuniko. Hivyo, mfuatano huo husaidia kubaini mahali penye mwamba chanzo, mwamba hifadhi na mwamba funiko. Kimoja kikikosekana, mafuta hayakusanyiki.

Mapango ya Amboni, mkoani Tanga, yanaonesha jinsi maji yanavyotoboa chokaa ya kipindi cha Jura. Chokaa ya kipindi hicho ndiyo inayohifadhi mafuta ya Ghawar, Saudi Arabia. Hata hivyo, kufanana kwa umri si uthibitisho wa kuwepo mafuta: gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, imo katika mawe ya mchanga.

Kwa upande wa bara, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) linafanya utafiti katika Bonde la Eyasi Wembere, linalogusa mikoa kadhaa ikiwemo Shinyanga. Tabaka za bonde hilo ni za mashapo ya bonde la ufa, si chokaa ya bahari.

Wananchi wanapaswa kutambua kuwa utafiti wa mitetemo huonesha umbo la tabaka tu; uchorongaji wa kisima ndio unaothibitisha kilichomo. Hivyo, si busara kuuza au kununua ardhi kwa tetesi za mafuta. Aidha, kwa mujibu wa Sheria ya Petroli ya Mwaka 2015, petroli ni mali ya Jamhuri ya Muungano, na shughuli za mkondo wa juu husimamiwa na PURA.