Akiba ya Mama wa Nyumba: Ushahidi wa Maneno ya Kiswahili

Historia ya uchumi wa pwani ya Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa hesabu za wanaume. Wasomaji wamesimuliwa habari za misafara ya pembe, mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, ushuru wa forodha, na mikopo ya matajiri wa Kihindi. Hesabu hizo zimehifadhika kwa sababu ziliandikwa. Akiba aliyoiweka mama wa nyumba haikutiwa daftarini, na kwa hiyo imehesabiwa kana kwamba haikuwako. Lakini liko daftari moja lisiloliwa na mchwa, nalo ni lugha yenyewe. Nia ya makala haya ni kuyapitia baadhi ya maneno ya Kiswahili yahusuyo mali ya nyumbani, na kuonyesha kwamba yashuhudia mambo mawili: kwanza, kwamba hazina ya nyumba ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa mama; pili, kwamba njia zake za kuweka akiba zilikuwa na hoja madhubuti.

Yafaa kuanza na neno akiba lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kisigino, na hivyo kufuata nyuma; ndiyo maana katika lugha hiyo neno la namna hii hutaja mwisho wa jambo au kile kijacho baada yake. Waswahili walipolipokea hawakulitumia kwa mwisho wa kila jambo. Walilifunga kwenye kitu kilichobakizwa kwa ajili ya siku ya nyuma, iwe fedha, chakula au hata maneno, maana husemwa pia kwamba mtu aweke akiba ya maneno. Methali isemayo kuwa akiba haiozi yaonyesha kwamba neno lilizoea chakula kabla ya kuzoea sarafu, kwa kuwa sarafu haina hatari ya kuoza.

Jambo hili la chakula laonekana wazi zaidi katika neno nafaka. Katika sheria ya Kiislamu, nafaka ni masurufu ambayo mume analazimika kumpa mkewe: chakula, mavazi na makazi. Katika Kiswahili cha kila siku neno hilohilo limekuwa jina la mtama, mpunga, mahindi na mfano wake. Badiliko hili si la bahati tu. Wajibu wa mume uliingia nyumbani kwa umbo la punje, na mikono iliyozipokea, kuzipima na kuzigawa kwa siku za mwezi ilikuwa ya mke. Vipimo vyake vilikuwa kibaba, kisaga chenye vibaba 2, na pishi yenye vibaba 4, ambayo kwa nafaka ni uzito wa ratili 6 hivi. Kwa hiyo isemwapo kwamba haba na haba hujaza kibaba, fumbo limechukuliwa jikoni. Kibaba ndicho kipimo kidogo cha ghala ya mama, na ndicho alichokijua mtoto aliyetumwa dukani.

Vitenzi navyo vina ushahidi wao. Kulimbika ni kungoja kitu kikusanyike au kikomae: maji yakilimbikwa kisimani huachwa yajae tena ndipo yatekwe, na maembe mabichi yaliyochumwa hulimbikwa mpaka yaive. Katika kitenzi hicho limetoka neno kulimbikiza, ambalo sasa hutumiwa kwa mali na hata kwa mtaji wa makampuni. Mwenye kuteka maji katika nyumba ya Kiswahili alikuwa mwanamke, naye ndiye aliyejua kwamba mwenye pupa huambulia tope. Karibu na neno hilo liko kudunduliza, yaani kuongeza kidogo kidogo juu ya kidogo kilichopo. Ni maneno ya mtu asiye na mshahara wa mwisho wa mwezi, anayejenga hazina kutoka katika mabaki ya matumizi aliyoachiwa asubuhi.

Ushahidi ulio na uzito zaidi umo katika maneno ya uzazi. Mkaja ni nguo ambayo mama hujifunga tumboni baada ya kujifungua. Ubeleko, au mbeleko, ni nguo ya kumchukulia mtoto mgongoni. Kitenzi chake ni cha Kibantu cha kale, na ndugu yake yuko katika Kichewa, ambamo -bereka hutaja kuzaa na kubeba mtoto mgongoni. Maneno haya mawili ya mama na mtoto yana maana nyingine katika desturi za ndoa. Binti aposwapo, pamoja na mahari yake mwenyewe na kilemba cha baba, mume hutoa mkaja na ubeleko, na hivyo viwili ni haki ya mama wa bibi arusi. Hapana haja ya mfasiri: jamii ilikiri kwa lugha yake kwamba tumbo lililofungwa na mgongo uliochukua vilikuwa kazi, na kwamba kazi hiyo ilistahili kulipwa, ijapokuwa malipo yenyewe yalichelewa miaka 15 au 20. Mwenye kutunga kamusi akieleza kuwa mkaja ni nguo ya tumboni na asiendelee, ameacha nusu ya historia ya neno.

Nguo ilikuwa pia mfuko. Bindo ni sehemu ya nguo iliyokunjwa na kukingwa ili ipokee kitu, na kibindo ni ile iliyosokotwa kiunoni pa kuhifadhi fedha. Mwanamume aliyevaa shuka alikuwa na kibindo chake. Mwanamke alikuwa na hicho na zaidi ya hicho, maana alikuwa na pindo la leso, ambalo kwa fundo moja lilishika sarafu za siku nzima. Neno leso ni la Kireno, nalo lilitaja kitambaa cha mkononi. Mwishoni mwa karne ya 19 vitambaa vya namna hiyo vilishonwa pamoja kuwa vazi la wanawake, ambalo leo huitwa leso Mombasa na kanga sehemu nyingi za Tanzania. Vazi hilohilo lilimbeba mtoto, lilifunika kichwa, na lilifunga fedha ya kitoweo.

Akiba kubwa haikufungwa pindoni. Kwa sheria ya Kiislamu mahari ni mali ya mke mwenyewe, wala mume hana haki ya kuitumia bila ridhaa yake. Wanawake wengi wa pwani waliigeuza mali hiyo kuwa mapambo: vidani, bangili, vipini vya pua, na mitali ya fedha ya miguuni. Mtazamaji mgeni aliona fahari, naye hakukosea. Lakini pambo hilo lilikuwa pia mali iliyoweza kupelekwa kwa sonara na kupimwa, au kuwekwa rehani mtoto anapougua. Utendi ambao Mwana Kupona binti Msham wa Siu alimtungia binti yake mwaka 1858, miaka 2 baada ya kufiwa na mumewe, waelekea kukumbuka jambo hili. Mama mgonjwa anayaita mawaidha yake hirizi ya kufungwa kwa uzi na kidani cha kutungwa kwa lulu na marijani. Mfano huo ulieleweka mara moja, kwa kuwa kidani ndicho kitu ambacho binti wa nyumba ya namna ile alitazamia kuachiwa na mama yake.

Lakini haki yataka isemwe kwamba si kila mama alikuwa na kidani. Mwanamke mtumwa hakuwa na mali katika sheria. Alichokiweka kilihesabiwa kuwa cha bwana wake. Amri ya mwaka 1897 iliondoa hali ya utumwa kisheria katika Unguja na Pemba, lakini masuria hawakuingizwa katika haki hiyo mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo, kwa mamia ya wanawake, sarafu ya kwanza iliyofungwa pindoni ikiwa yao kweli haikutangulia miaka hiyo. Maneno mkaja na ubeleko yalitamkwa na watu wote, lakini si wote waliolipwa.

Swali lililobaki ni kwa nini akiba hii ilikaa nyumbani na isiende benki. Majibu mepesi yametolewa mara nyingi, kwamba wanawake hawakusoma au hawakuwa na imani na mambo mapya. Jibu lililo bora hupatikana kwa kuzitazama fedha zenyewe. Na achukuliwe, kwa mfano, mwanamke aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1882, sawa na 1299 ya hijria, mwaka ulioandikwa juu ya pesa za shaba za Sayyid Barghash. Utotoni mwake fedha kubwa ilikuwa reale ya Maria Theresa, iliyokuwa na tarehe ya 1780 hata kama ilipigwa miaka mia baadaye, pamoja na rupia ya Bara Hindi. Mwaka 1890, naye ana miaka 8, kampuni ya Wajerumani ilianza kutoa pesa na rupia zake, pesa 64 kwa rupia. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ikabadili hesabu, rupia ikawa na hela 100. Mwaka 1916, vita vikiendelea, sarafu za dharura zilipigwa Tabora, na noti za muda zilikuwa zimekwisha kuenea. Utawala ulipobadilika noti hizo zikawa karatasi tupu. Mwaka 1920 ikaja florini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na mwaka 1921 shilingi. Kama mwanamke huyo alijaliwa kufika miaka 84, aliiona pia shilingi ya Tanzania, iliyotolewa na Benki Kuu mwaka 1966. Jirani yake wa Unguja alishika rupia mpaka mwaka 1936.

Mtu aliyeona hayo yote katika umri mmoja hawezi kulaumiwa kwa kupenda dhahabu kuliko noti. Wala mabadiliko hayo hayakupita bila kuacha alama katika lugha. Sarafu zilitoweka, majina yakabaki. Hela ya Mjerumani imekuwa jina la fedha yoyote katika Tanzania. Thumuni, iliyokuwa sehemu ya 8 ya reale, ikawa jina la senti 50. Pesa, sarafu ya shaba iliyokuwa ndogo kuliko zote, imekuwa jina la utajiri wote. Majina haya hayakuhifadhiwa na mabenki. Yalihifadhiwa sokoni na majumbani, katika vinywa vya watu waliolazimika kuifasiri kila fedha mpya kwa fedha waliyoizoea.

Sarafu ndogo zilikuwa na chombo chao, nacho ni kibubu: chombo cha udongo au cha mti, chenye tundu jembamba la kutilia na kisicho na mlango wa kutolea. Umbo la neno lafuata neno bubu, na wasemaji hulielewa hivyo: ni kitu kidogo kisichosema. Sifa hii ina maana kubwa katika nyumba yenye watu wengi na haja nyingi. Kibubu hakimwambii mume kina kiasi gani, wala hakimjibu shemeji ajaye kukopa. Mpaka kivunjwe, hata mwenyewe hana hakika ya kilichomo. Udhaifu wake ni huohuo ububu wake, maana kibubu hakisikii tangazo la serikali. Kenya ilipoiondoa noti ya zamani ya shilingi 1,000 mwaka 2019, kwa muda uliokwisha tarehe 30 Septemba, noti iliyosahauliwa ndani ya kibubu ilikufa humo humo.

Njia iliyo kinyume cha kibubu ni upatu, maana upatu hausimami bila maneno. Wanachama hutoa kiasi kimoja kwa wiki au kwa mwezi, na jumla huchukuliwa na mmoja wao kwa zamu, mpaka wote wamepata. Mwenye kukusanya huitwa kijumbe, neno ambalo pia hutaja mtu wa kati apelekaye ujumbe, kama vile katika posa. Dhamana yote imo katika ulimi na uso: aliyepokea kwanza akaacha kulipa hana pa kujificha katika mtaa wake, na kijumbe akimbiaye huacha jina baya kwa watoto wake. Hasara hutokea, lakini kila mama aingiaye anaijua kabla ya kuingia.

Vyama vya namna hii vimeonekana katika nchi nyingi. Clifford Geertz, katika makala yake ya mwaka 1962, aliviona kuwa ngazi ya kati iwavushayo watu kutoka uchumi wa kijijini kwenda uchumi wa kisasa, na hivyo ngazi ambayo ingeachwa nyuma mabenki yakishaenea. Shirley Ardener, mwaka 1964, aliipinga dhana kwamba njia hii ni ya kupita tu. Historia ya tangu hapo yaelekea upande wa Ardener. Benki ya Wanawake Tanzania ilifunguliwa mwaka 2009, na mwaka 2018 iliunganishwa na Benki ya Posta. Upatu wa mitaa ileile haukufungwa. Vikundi vya VICOBA, vyenye asili katika mfano ulioanzishwa Niger mwaka 1991, vilipokelewa Tanzania kwa wepesi, maana viliwakuta wanawake ambao tayari walijua kuchanga, kuhesabu mbele ya macho ya wote, na kungoja zamu.

Hata fedha isiyoshikika imeingia kwa lugha ya mama. Huduma ya simu iliyoanzishwa Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, haikuitwa kwa jina la dhahabu wala la noti. Iliitwa kwa jina la pesa, sarafu ya shaba iliyokuwa ikifungwa pindoni kununulia kitoweo. Mwenye kuandika historia ya uchumi wa pwani anaweza kuendelea kuzisoma karatasi za forodha, naye atafaidika. Lakini akitaka kujua nani aliyeilisha nyumba katika miaka ambayo karavani haikurudi na rupia haikukubaliwa tena dukani, itampasa ayasikilize maneno haya yangali yakisemwa. Wanaoyajua vizuri zaidi ni akina mama wazee, nao hawadumu kama karatasi.