Goma ilivyoingia kwenye kamusi za kompyuta

Muulize mchuuzi wa soko la Virunga mjini Goma, nchini Kongo, makala ni nini, atakuonyesha magunia meusi yanayoshushwa kwenye chukudu, kigari cha mbao. Ni mkaa. Msomaji wa Dar es Salaam yeye atatazama gazeti. Watu hao wawili wataelewana kwa kucheka. Kompyuta haina pua ya kunusa moshi, sharti ifundishwe.

Kuifundisha ndiko George Miller na wenzake wa Chuo Kikuu cha Princeton walikoanza mwaka 1985 walipoasisi WordNet, kamusi ya kompyuta. Hawakupanga maneno kwa alfabeti. Walipanga maana: maneno yenye maana moja yakae pamoja, kisha kila kundi liunganishwe na mengine, hili aina ya lile, hiki sehemu ya kile. Neno lenye maana tatu likapewa makazi matatu. Lugha yenyewe ilikuwa Kiingereza.

Kwetu, Arvi Hurskainen wa Helsinki alianza mwaka huohuo kutengeneza programu ya kuchambua Kiswahili, na mwaka 1994 Martin Benjamin, akiwa mwanafunzi Yale, akaanzisha Kamusi Project kwenye intaneti. Kazi za kuheshimika, lakini msingi wake ulikuwa Kiswahili sanifu. Cha Kongo kilipata alama yake ya kimataifa, swc, kando ya swh ya pwani. Alama tu, bila ghala la maneno.

Kilichojaza ghala ni maradhi. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, mkoa wa Goma, tarehe 1 Agosti 2018, na Julai 2019 mgonjwa wa kwanza akathibitishwa Goma. Ujumbe wa afya wa Kifaransa, au wa Kiswahili cha vitabuni, haukuwafikia wengi. Shirika la Translators without Borders likakusanya faharasa ya istilahi, Kiswahili cha Kongo kikiwemo. Korona ilipoingia mwaka 2020, mradi wa TICO-19 ulitafsiri sentensi 3,071 katika lugha zaidi ya 30, nacho kimo. Ndiyo maana hazina hiyo inajua homa na chanjo kuliko bei ya sombe, yaani kisamvu. Lugha iliyosajiliwa hospitalini!

Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitoa mashine ya kutafsiri lugha 200. Katiba ya Kongo ya 2006 inataja lugha nne za taifa, na tatu kati yake, Kikongo, Kilingala na Tshiluba, zimo. Kiswahili kilichomo ni swh.