Kilio cha Demetrio na Kilio cha Mwimbaji

Katika Matendo ya Mitume sura ya 19 tunakutana na Demetrio, fundi wa Efeso aliyetengeneza vihekalu vya fedha vya Artemi. Injili ilipoingia mjini aliwakusanya mafundi wenzake, akawakumbusha kwanza kipato chao, kisha ndipo akataja heshima ya mungu wao wa kike. Muda si mrefu mji wote ulikuwa ukipiga kelele kwa ajili ya dini, na Luka anatuambia kuwa wengi hawakujua hata kwa nini wamekusanyika. Katika Waraka wa Yakobo sura ya 5 tunasikia kilio kingine. Huko wanaolia ni vibarua waliovuna mashamba ya matajiri wakazuiliwa ujira wao, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana.

Vilio hivi viwili vinafanana kwa sauti. Vyote vinatoka kwa watu wanaosema kwamba riziki yao inapotea. Lakini mmoja analinda biashara yake ya zamani, na mwingine amefanya kazi asilipwe. Historia ya muziki, tangu mashine ya uchapaji hadi simu ya mkononi, imejaa vilio hivi viwili vikiwa vimechanganyika. Sisi Wakristo wa Katesh tunahitaji kuvitofautisha, maana jambo hili limekwisha kuingia katika mazoezi ya kwaya zetu. Nyimbo tulizorekodi kwa michango ya usharika, je, tuziweke mtandaoni, au tuzishike mpaka apatikane mnunuzi wa sidii?

Nyimbo nane za Nürnberg

Tuanze na baba yetu Martin Luther. Mwaka 1524 kilichapishwa mjini Nürnberg, Ujerumani, kijitabu chenye nyimbo nane tu, nne kati yake zikiwa za Luther mwenyewe. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya uimbaji ibadani ilikuwa ya makasisi na wanakwaya wao, kwa Kilatini. Mashine ya uchapaji ilimpa muumini wa kawaida wimbo wa lugha yake, akauimba nyumbani, sokoni na kanisani. Waliotaka kuyazuia matengenezo ya Kanisa walizuia vitabu, lakini wimbo uliokwisha kukaa kinywani hauzuiliki.

Hata hivyo chombo kilekile kilileta wizi. Mwaka 1525 Luther aliandika onyo kali kwa wachapaji, kwa sababu sehemu ya kazi yake iliibwa Wittenberg kabla haijakamilika, ikachapwa mahali pengine ikiwa na makosa. Yeye mwenyewe hakuchukua malipo kwa maandishi yake, kwa hiyo hakuwa akitetea mfuko wake. Aliona ni dhambi kuvuna alichopanda mwenzako, tena kwa kukiharibu. Hakuomba mashine zivunjwe. Alitaka wenye mashine wawe waaminifu. Hapo tayari tunaiona njia ya Kikristo: chombo kipya kipokelewe, na amri ya saba iendelee kushikwa ndani yake.

Wakubwa wa muziki na hofu zao

Miaka mingi baadaye wenye biashara ya muziki hawakuifuata njia hiyo kwa wepesi. Mwaka 1906 John Philip Sousa, mtunzi na kiongozi mashuhuri wa bendi nchini Marekani, aliandika makala kali dhidi ya mashine za kucheza muziki. Alisema watu wataacha kujifunza kuimba na kupiga vyombo. Ndani ya maneno yake kulikuwa na vilio vyote viwili: hofu ya kitu kigeni, na dai la haki kwamba waliotengeneza santuri walitumia tuni za watunzi bila kuwalipa. Mwaka 1909 sheria ya Marekani ilikijibu kilio cha pili. Santuri hazikupigwa marufuku, bali kwa kila nakala mtunzi alipaswa kulipwa senti mbili.

Kaseti zilipoenea, historia ilijirudia. Mwaka 1981 kampuni za santuri za Uingereza zilianzisha kampeni ya kuwaambia watu kwamba kunasa nyimbo nyumbani kunaua muziki, na nembo yake ilikuwa kaseti iliyochorwa kama fuvu juu ya mifupa miwili. Muziki haukufa. Kampuni hizohizo zikaja kupata faida kubwa kwa kuuza kaseti.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1999, wakati kijana mwanafunzi, Shawn Fanning, alipoanzisha Napster, programu iliyowawezesha watu kupeana nyimbo kwa njia ya intaneti. Kabla mwaka haujaisha, umoja wa kampuni za kurekodi za Marekani ulikuwa umeipeleka mahakamani, na kufikia Julai 2001 Napster ilikuwa imezimwa. Kisheria kampuni zilikuwa na hoja, kwa sababu waimbaji hawakulipwa. Lakini baada ya kushinda hazikufanya haraka kuwajengea watu njia halali iliyo rahisi. Septemba 2003 zilifungua kesi 261 dhidi ya watu binafsi, na mmoja wa walioshtakiwa alikuwa msichana wa miaka 12. Aprili mwaka huohuo kampuni ya kompyuta ya Apple ilikuwa imefungua duka la kuuza wimbo mmoja mmoja kwa senti 99, na mwaka 2008 Spotify ya Sweden ikaanza kuwapa watu nafasi ya kusikiliza kwa ada au kwa matangazo. Kati ya mwaka 1999 na 2014 mapato ya muziki uliorekodiwa yalishuka duniani kwa zaidi ya theluthi moja, ndipo yakaanza kupanda tena kwa njia ileile ya mtandao iliyokuwa imeogopwa.

Demetrio alishinda kelele ya siku moja, lakini Efeso haikurudi kama ilivyokuwa.

Njia ya wimbo katika nchi yetu

Kwetu Tanzania hatukuwa na kampuni kubwa za namna hiyo. Kwa miaka mingi mlango wa muziki ulikuwa mmoja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Ndiyo iliyorekodi bendi na kwaya, na ndiyo iliyoamua zipi zisikike. Aliyetaka santuri ilibidi aende Nairobi, na mpaka wetu na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983 njia hiyo nayo ikawa ngumu.

Kanisa halikukaa kando. Mwaka 1963 Shirikisho la Walutheri Duniani lilianzisha kituo cha Sauti ya Injili mjini Addis Ababa, na vipindi vya Kiswahili viliandaliwa katika studio ya Moshi. Kwaya za vijijini zilisikika mbali kwa masafa mafupi. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa kituo hicho. Mitambo ilichukuliwa, lakini studio ya Moshi na waimbaji wake walibaki.

Kisha kaseti ikafika kila mahali. Kwetu chini ya Mlima Hanang ilikuja mnadani pamoja na shuka, chumvi na betri, na utepe ukilegea ulikazwa kwa kalamu. Kaseti iliwafungulia mlango watu ambao redio ya taifa isingewafikiria upesi. Kwaya ya Ulyankulu Barabara ya 13, iliyotoka katika makazi ya wakimbizi wa Burundi mkoani Tabora, ilijulikana mbali sana kwa njia hiyo. Lakini nakala nyingi zilidurufiwa mitaani, na mwimbaji hakuona senti. Soko lilipopanuka miaka ya 1990, usambazaji ulishikwa na wafanyabiashara wachache wa Dar es Salaam. Kwaya au msanii aliuza kazi nzima kwa malipo ya mara moja, hata kama ingeuzwa kwa miaka. Msambazaji wa Kariakoo pia hakuwa na sababu ya kibiashara ya kubeba wimbo wa Kiiraqw au wa Kidatooga.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na chombo cha kuisimamia, COSOTA, kikafuata. Mwaka 2013 serikali ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu, ili nakala halali itambulike dukani. Lilikuwa jambo jema, lakini lilikuja wakati wateja walikuwa wanaliacha duka la sidii. Stempu inabandikwa kwenye kasha, na wimbo ulioko kwenye simu hauna kasha.

Miaka hiyohiyo vijana walianza kujaribu njia nyingine. Mdundo ilianzishwa Nairobi: msikilizaji anapakua wimbo bila kulipa, anasikia tangazo fupi, na fedha ya tangazo inagawanywa kati ya kampuni na mwimbaji. Dar es Salaam ikapata Mkito, iliyouza nyimbo na kuzitoa kwa msaada wa matangazo. Boomplay ilikuja ikiwa tayari ndani ya simu za Tecno. Wapo wasambazaji na waimbaji waliozikataa huduma hizo kwa kuamini kwamba wimbo uliotoka kwenye kasha umekwisha kupotea. Wengine walikuwa na sababu ya haki. Walikwisha kuuza miito ya simu na kuona sehemu kubwa ya fedha ikibaki kwa kampuni za simu na madalali, bila hesabu ya wazi. Mtu aliyeumwa na nyoka huogopa hata ung'ongo.

Dalili njema zipo. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wenye kazi za muziki. Ndugu zetu Wakatoliki nao wana tovuti ya Swahili Music Notes, ambapo watunzi huweka nota za nyimbo zao za kwaya. Nota ambayo zamani ilinakiliwa kwa mkono, au kusubiri mwalimu wa kwaya arudi na basi kutoka semina, leo inafunguliwa Katesh siku ileile.

Vilio viwili mlangoni kwetu

Sasa turudi nyumbani. Ukipita kwenye vibanda vya stendi utamkuta kijana mwenye kompyuta akiingiza nyimbo nyingi kwenye memori kadi ya mteja kwa bei ndogo. Humo zimo nyimbo za kwaya ambazo wanakwaya walichanga, wakauza mahindi na kuku, wakasafiri kwenda kurekodi. Malipo yanabaki kibandani. Mteja mwenyewe ni mzee wa kanisa au mama wa ushirika wa maombi, na anasema kwamba neno la Mungu ni bure.

Ni kweli Bwana aliwaagiza mitume watoe bure walichopokea bure, Mathayo 10:8. Lakini katika Luka 10:7 Bwana huyohuyo anafundisha kwamba mtenda kazi anastahili kulipwa, na Paulo anawakumbusha Wakorintho sheria ya Musa ya kutomfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Neema haiuzwi. Studio, nauli, kinanda na siku za kazi zilizoachwa shambani vina gharama, na anayezifanya bure mali ya mwenzake amegusa amri ya saba hata kama anachosikiliza ni tenzi.

Upande wa pili, kwaya inayofungia nyimbo zake kabatini kwa kuogopa wizi inapaswa kujiuliza inalinda nini. Anayepaswa kusikia habari njema leo yuko machungani, yuko Dar es Salaam kutafuta maisha, yuko hospitali ya Haydom akimuuguza mtoto. Simu yake haina mahali pa kuingiza sidii. Na yule aliyezoea kusikia ibada kwa Kiswahili tu, kwa mara ya kwanza anaweza kusikia wimbo wa Kiiraqw ukitoka kwenye simu, pasipo msambazaji yeyote kuamua kama lugha ya mama yake inauzika.

Kwa hiyo tunaona mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwaya isajili kazi zake COSOTA kabla ya kuzitoa. Makubaliano na kampuni yoyote ya mtandao yaandikwe, yasomwe mbele ya baraza la wazee, na yaonyeshe nani anapata nini na kwa muda gani. Akaunti za mtandaoni ziwe za kwaya, na nywila zake zijulikane kwa zaidi ya mtu mmoja. Mapato yasomwe ibadani kama sadaka zinavyosomwa. Vijana wenye vibanda waitwe wakae na viongozi wa kwaya, wapatane nao, maana wengi wao ni watoto wa usharika wetu na tuliwabariki siku ya kipaimara. Nasi wasikilizaji tuzisikilize nyimbo pale zinapomlipa mwimbaji, na tunapotumiana bure kwenye WhatsApp tukumbuke kuichangia kwaya kwa njia nyingine.

Efeso ilikuwa na kelele nyingi siku ile, lakini karani wa mji aliwatuliza watu kwa neno rahisi: mwenye madai na ayapeleke mahali pa haki. Kila chombo kipya kinapokuja, tutasikia kelele tena. Tuulize ni nani anayelia, na kwa nini. Akiwa ni Demetrio, tumwombee apate kazi nyingine. Akiwa ni mvunaji aliyenyimwa ujira, tumlipe kabla jua halijatua. Bwana atupe masikio ya kutofautisha, na kinywa kisichoacha kumwimbia. Amina.