ERP Ni Nini? Chanuka Kuhusu Mfumo Unaojua Unga Umeisha Kabla Mdosi Ajue

Si unajua ile siku umeona njumu kali kwa app, ukalipa na M-Pesa, halafu baada ya masaa mawili unapigiwa simu unaambiwa, "Pole sana, hiyo saizi iliisha jana"? Sasa kama iliisha jana, mbona leo app bado ilikuwa inauza?

Jibu ni kwamba app haiongei na stoo. Msee wa stoo ako na kitabu chake, wasee wa app wako na databesi yao, na mhasibu amejifungia na Excel yake. Kila mtu hapo ako na ukweli wake, na wewe ndio unaumia ukingoja ganji yako irudishwe.

Kitu iliundwa kumaliza hiyo drama inaitwa ERP. Ni mfumo mmoja unaounganisha idara zote za biashara: mauzo, manunuzi, stoo, kiwanda, uhasibu, mishahara, hadi magari ya kupeleka mizigo. Siri yake ni moja: jambo linaandikwa mara moja, pahali pamoja, na kila mtu anasoma kutoka hapo. Chini kuna databesi moja, juu yake kuna vipande vinaitwa moduli, kila idara na chake. Stoo ikitoa katoni moja, uhasibu umeshajua. Hakuna kungoja mtu atume shiti Ijumaa jioni.

Fuata oda moja tu, utaelewa

Tuseme kuna bekari Industrial Area. Alhamisi asubuhi supamaketi inaagiza mikate 2,000 ya Jumamosi. Dem wa mauzo anaingiza oda kwa mfumo. Kabla hata abonyeze kitu ya mwisho, mfumo unaangalia deni: hawa watu wa supamaketi wamelipa za mwezi uliopita, ama bado wanazungusha? Kama wamepita kiwango chao cha mkopo, oda inasimama hapo hadi mkubwa aikubali. Hiyo peke yake imeokoa biashara mingi. Supplier wa Kenya huwa hakufi juu ya kukosa kastoma, anakufa juu ya kastoma hajalipa.

Deni likiwa fiti, mfumo unaenda kwa hesabu ya viungo. Tuseme gunia la unga la kilo 50 linatoa mikate 180. Mikate 2,000 inataka magunia 12, na stoo iko na 9. Matatu hayako. Mfumo pia unajua msagaji wa unga huchukua siku moja kuleta, so LPO lazima iende leo, si kesho. Inaiandika yenyewe na kumpelekea mtu wa manunuzi aidhinishe. Sukari, chumvi, hamira, karatasi za kufungia, zote zinapigiwa hesabu hivyo hivyo.

Unga ukifika, msee wa stoo anaingiza kile amehesabu kwa macho yake. Hapa ndio kuna mchezo mtamu. Wakati bili ya msagaji inakuja, mfumo unalinganisha makaratasi matatu: LPO ilisema ngapi, stoo ilipokea ngapi, bili inadai ngapi. Kama LPO ni magunia matatu, stoo ilipokea matatu, na bili inasema matano, malipo hayatoki. Wahasibu wanapenda hii kitu kushinda chai ya saa nne, na wako na haki. Ile njia ya zamani ya kuiba, ambapo supplier na msee wa ndani wanaelewana bili ifure kidogo, inakuwa ngumu. Sijasema haiwezekani. Watatu wakielewana, hakuna kompyuta itawashika hapo hapo.

Mikate ikitoka, dereva anasainiwa delivari, bili inajitengeneza, inaenda hadi KRA kupitia eTIMS, na deni la supamaketi linapanda kwa vitabu. Hesabu ya stoo inashuka. Gharama ya unga inaingia kwa upande wa matumizi. Hakuna mtu ameketi kuandika hizo laini moja moja.

Walianza na viwanda, si na maduka

Hii akili si ya jana. Mwaka wa 1964 mhandisi Mmarekani Joseph Orlicky alitengeneza njia ya kukokotoa vifaa vya kiwanda kwa kompyuta, ikaitwa MRP, na Black & Decker, wale wa mashine za kutoboa ukuta, wakawa wa kwanza kuitumia. Swali lilikuwa lile lile la bekari yetu: nikitaka kutengeneza hivi, nahitaji nini, ngapi, na lini?

1972, Wajerumani watano waliotoka IBM wakafungua kampuni yao, SAP. Mteja wao wa kwanza alikuwa kiwanda cha nailoni cha ICI huko Östringen. Walichoona mapema ni kwamba stoo na uhasibu zinafaa kuongea papo hapo, si usiku kompyuta ikimaliza kuchapa makaratasi. Jina lenyewe ERP lilikuja 1990 kutoka kwa kampuni ya utafiti ya Gartner, na 1992 SAP wakatoa R/3, ile iliyoenea kwa makampuni makubwa dunia mzima.

Huku kwetu, kama umefanya attachment kwa SACCO, kuna uwezekano ulisikia jina Navision. Hiyo ilitoka Denmark, Microsoft wakainunua 2002, na siku hizi inaitwa Business Central, lakini wazee wa ofisi bado wanaiita Navision na hawana mpango wa kubadilisha. Kwa biashara ndogo kuna Odoo ya Ubelgiji na ERPNext ya India. ERPNext na toleo la msingi la Odoo, kodi yao iko wazi, unadaunlodi bure. Kodi ndio bure, chanuka. Msee wa kukuwekea, kuhamisha data yako na kufunza wafanyakazi wako atataka kulipwa, na ako na haki.

Kenya iko na mambo yake

Mfumo ukitoka Ujerumani haujui M-Pesa. Lipa na M-Pesa ilikuja 2013, na kwa miaka kadhaa biashara nyingi zilikuwa zinadaunlodi taarifa ya paybill, halafu mtu anakaa siku mzima akilinganisha: huyu alituma 3,450 ni nani, na alikuwa analipia nini? Mwingine ameandika jina la mtoto pahali pa namba ya akaunti. 2017 Safaricom wakafungua Daraja, mlango wa watengenezaji programu kuunganisha mifumo yao na M-Pesa moja kwa moja. Sasa malipo yakiingia, bili inajifunga yenyewe kama namba ya akaunti ni sawa. Kama si sawa, bado mtu ataketi chini na kalamu.

Halafu kuna taxman. Tangu Januari 2024, gharama ambayo haina bili ya eTIMS KRA inaweza kukataa kuitoa kwa hesabu ya kodi, ukitoa zile chache zilizosamehewa. Biashara ikinunua unga wa milioni moja bila hiyo bili, kwa macho ya KRA ni kama haikununua kitu, na inalipa kodi juu ya faida ambayo haiko. Ndio maana hata yule supplier wako wa mayai ghafla amekuwa mtu wa makaratasi.

Payslip yako nayo? NSSF imekuwa ikipanda kwa awamu tangu 2023, makato ya nyumba ni asilimia 1.5 kwako na nyingine kama hiyo kwa mwajiri, na Oktoba 2024 NHIF ikaenda, SHA ikaja na asilimia 2.75. Kila mabadiliko hayo ni mtu mahali fulani ameingia kwa moduli ya mishahara kubadilisha fomula. Akikosea, ni nyinyi wote mmekatwa vibaya mwezi huo. So piga hesabu ya payslip mwenyewe, manze. Simu yako iko na kalkuleta.

Ikiharibika, inaharibika kwa wote

Hii ndio upande wauzaji wa ERP hawakuambii wakija na slaidi zao. Ukiunganisha kila kitu, shida ya idara moja inakuwa ya wote.

Hershey, wale wa chokoleti wa Marekani, walitumia kama dola milioni 112 kwa mifumo mipya na wakaiwasha Julai 1999, wakiwa wamebana muda ili kazi iishe haraka. Halloween ndio hiyo Oktoba, msimu wao mkubwa wa pipi. Chokoleti zilikuwa stoo, zimejaa. Mfumo haukuweza kuzipanga na kuzituma. Oda za karibu dola milioni 100 hazikufika kwa maduka. Bidhaa iko, mnunuzi ako, gari iko, na hakuna kitu inasonga.

Lidl nao, supamaketi ya Ujerumani, walikaa na mradi wa SAP miaka saba, wakautupa 2018 baada ya kutumia karibu yuro milioni 500. Mzizi mmoja wa shida ulikuwa mdogo ajabu: Lidl huhesabu thamani ya stoo kwa bei waliyonunulia, mfumo wa kawaida wa rejareja ulikuwa unataka bei ya kuuzia. Badala ya kubadilisha mazoea yao, walitaka mfumo ubadilishwe. Kila ukikata hapa, kunatokea shimo pale.

Lakini hizo ni doh tu. Stori yenye unafaa kujua, hasa kama wera yako ni ya kaunta, ni ya Horizon.

Posta ya Uingereza ilianza kuweka mfumo unaoitwa Horizon kwa matawi yake mwaka wa 1999. Ulikuwa unaunganisha mauzo ya kila tawi na hesabu za makao makuu. Wenye matawi mengi walikuwa watu wa mtaa, wanauza stampu na kulipa wazee pensheni. Jioni wakifunga hesabu, mfumo unasema pesa zimepungua. Leo elfu moja, kesho elfu mbili, na hawajui zimeenda wapi. Mkataba ulisema wajaze pengo. Wengine wakauza nyumba. Wakipiga simu kuuliza, wengi walifanywa waamini ni wao peke yao wana hiyo shida.

Zaidi ya watu 900 walihukumiwa kwa wizi, ulaghai ama hesabu za uongo, ushahidi ukitoka kwa huo mfumo. Wengine walifungwa jela. Wengine walifariki kabla majina yao yasafishwe. Mwaka wa 2019, baada ya Alan Bates na wenzake 554 kwenda kortini, jaji alisema waziwazi kwamba Horizon ilikuwa na hitilafu zinazoweza kuleta hayo mapengo. Pia ilitoka kwamba wasee wa Fujitsu, waliokuwa wanaendesha mfumo, wangeweza kuingia kwa hesabu za tawi kutoka mbali, jambo ambalo Posta ilikuwa imekana. Mwaka wa 2021 korti ya rufaa ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja, na 2024 bunge likapitisha sheria ya kufuta mamia zilizobaki.

Sasa fikiria keshia wa hapa ambaye kila mwisho wa mwezi anakatwa "shortage" kwa mshahara. Mara nyingi ni kweli chenji ilikosewa. Lakini ukiona pengo linarudi na hulielewi, usisaini tu ndio uende nyumbani. Piga picha ya ripoti yako ya kufunga siku kabla uitume. Itisha orodha ya miamala yote ya till yako, si jumla peke yake. Uliza nani mwingine anaweza kuingia kwa akaunti yako. Mfumo wa maana huandika kila aliyegusa rekodi, saa ngapi, na alibadilisha nini. Ukiambiwa hiyo orodha haiko, hapo ndio pa kushuku.

Na password yako si ya kushare. Unakumbuka sakata ya NYS ya 2015, ile ya milioni 791? Stori nzima ilizunguka IFMIS, mfumo wa malipo wa serikali, na madai kwamba nywila za maafisa zilitumika kupitisha malipo. Mfumo ulikuwa na ngazi zake zote za kuidhinisha. Ngazi hazisaidii kama mtu mmoja ako na funguo za kila mlango. Ukimpea mwenzako password akushikie lunch, chochote atafanya hapo kimeandikwa jina lako.

Je, hustle yako inahitaji ERP?

Kama unauza thrift kwa Instagram na stoo ni chini ya kitanda, hapana. Daftari na till zinatosha, na yeyote anakuuzia mfumo wa laki tatu anataka laki tatu. Dalili huanza ukiwa na maduka mawili na hujui lile lingine liko na nini, ama mnaandika kitu moja mara tatu kwa watu watatu, ama mhasibu anachukua wiki mbili kukuambia kama mwezi uliopita ulikula hasara.

Ukifika hapo, safisha data kwanza. Kama "Unga 2kg", "unga kg 2" na "UNGA 2 KILO" ni bidhaa tatu kwa kitabu chako, mfumo mpya utazichukua zikiwa tatu, na utakuwa umelipa doh mingi kuona fujo ile ile kwa skrini safi. Hesabu stoo kwa mkono, usiku mmoja, kila mtu akiwepo. Usiwashe kila kitu siku moja. Anza na stoo na mauzo, mishahara ingoje. Na usiwashe Desemba.

Yule anayekuuzia muulize swali moja kabla ulipe deposit: siku nikihama, nitatoaje data yangu yote, kwa muundo gani, na bei gani? Mwambie akuonyeshe kwa laptopu hapo hapo, na jibu aliweke kwa mkataba.