Kipimo cha Akili na Wazee wa Kabazi

Kabazi, wadi ya eneo bunge la Subukia katika Kaunti ya Nakuru, ilikuwa enzi za ukoloni sehemu ya ardhi iliyotengewa walowezi wa Kizungu, na Waafrika wengi waliokaa katika mashamba hayo walikuwa maskwota, yaani vibarua walioruhusiwa kulima na kufuga kidogo kwa sharti la kumfanyia mwenye shamba kazi kwa idadi maalumu ya siku kila mwaka. Historia hiyo huingia mahali isipotarajiwa, katika swali linaloonekana kuwa la kitabibu tu: itajulikanaje kwamba akili ya mzee inapungua kwa sababu ya demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu, lugha na uamuzi hadi mtu ashindwe kujitegemea, wala si kwamba kipimo chenyewe hakikumfaa?

Upimaji wa akili nchini Kenya haukuanza na wazee wala haukuanza kwa nia ya kutibu. Katika miaka ya 1930 H. L. Gordon, daktari aliyehudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alipima mafuvu ya maelfu ya wanaume Waafrika, na mwanapatholojia F. W. Vint akachapisha mwaka 1932 na 1934 madai kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya ulikuwa na upungufu wa kimaumbile. Walowezi waliyapokea madai hayo kwa furaha, kwa kuwa yaliwapa hoja ya kutogharimia shule za Waafrika, ingawa serikali ya London ilikataa kuufadhili utafiti zaidi. Katika miaka hiyohiyo mwanasaikolojia R. A. C. Oliver aliwapa wanafunzi wa Shule ya Upili ya Alliance maswali badala ya kuwapima vichwa, na alikuwa mwangalifu zaidi katika kutafsiri matokeo. Hata hivyo mtazamo wa zamani haukufa upesi: J. C. Carothers, aliyekuja kuiongoza Mathari, aliuendeleza katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Wote hao walikuwa wakilinganisha kundi moja na jingine, na kwa wengi wao jibu walilolitaka lilikuwa limekwisha kuandaliwa.

Vipimo vya demensia vilivyofuata havikuwa na nia hiyo mbaya, lakini vilibeba upendeleo wa aina yake. Kilichoenea kuliko vyote ni kile kilichotungwa Marekani mwaka 1975 na Marshal Folstein na wenzake, chenye alama 30, ambapo anayepata chini ya 24 kwa kawaida huhesabiwa kuwa na dalili za kutiliwa shaka. Alama tano ni za kutoa saba kutoka mia moja mfululizo au kulitaja neno herufi kwa herufi kinyumenyume. Moja ni ya kusoma agizo na kulitii, moja ya kuandika sentensi, na moja ya kunakili mchoro wa pembetano mbili zinazokatana. Mzee asiyewahi kushika kalamu akizikosa nane hizo atabaki na 22 hata kama akili yake ni timamu kabisa, kabla hajaulizwa yuko ghorofa ya ngapi au ni majira gani kati ya manne, ilhali anayoyajua yeye ni mvua za masika, mvua za vuli na kiangazi. (Mzee huyohuyo akipewa noti ya mia sokoni na mnunuzi wa kitu cha shilingi saba, chenji hatakosea.)

Kukosa kalamu huko kuna tarehe. Maskwota wa Kikuyu katika Bonde la Ufa walikuwa wamejijengea shule huru, zisizokuwa chini ya wamisionari, na serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari Oktoba 1952 ili kuukabili uasi wa Mau Mau, nyingi kati yake zilifungwa, huku familia nyingi zikifukuzwa mashambani na kurudishwa katika hifadhi za Kikuyu. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka saba wakati huo leo amevuka 75, na alama anazozikosa kwenye karatasi huenda zinaueleza mwaka 1952 zaidi kuliko zinavyoueleza ubongo wake. Wasichana, ambao mara nyingi hawakutangulizwa hata pale shule ilipokuwapo, huathirika zaidi.

Suluhisho lilitafutwa nje ya Kenya. Kathleen Hall, Hugh Hendrie na wenzao walitunga katika miaka ya 1990 mahojiano yaliyotumiwa kwa Wakree wa Kanada, kisha Ibadan nchini Nigeria chini ya Benjamin Osuntokun, ambayo yana sehemu mbili: mzee huulizwa, na ndugu anayemfahamu huulizwa pia. Katika wilaya ya Hai, Tanzania, uchunguzi wa mwaka 2009 hadi 2010 uliwafikia wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na baadaye watafiti wakatunga huko kipimo kifupi kiitwacho IDEA, ambacho hakihitaji kusoma wala kuandika: mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hueleza daraja ni nini, humtaja kiongozi wa kijiji. Nchini Kenya, watafiti katika Kaunti ya Makueni wamewafunza wahudumu wa afya ya jamii kutumia toleo fupi la mahojiano ya Hall na wenzake.

Mabadiliko makubwa yamo katika swali linaloelekezwa kwa ndugu, kwa sababu hapo mzee halinganishwi tena na Mzungu wala na msomi, bali na yeye mwenyewe wa miaka iliyopita. Nalo lina ugumu wake: wengi hujibu kwamba ni uzee tu, na mzee ambaye watoto wake wako Nakuru au Nairobi na humwona Krismasi hana wa kumsemea ila jirani, ambaye anajua kwamba mama ameacha kwenda sokoni lakini hajui kama ni kwa ajili ya magoti au kwa kuwa njia imempotea.