Bastola ya Zamani Ikisuguliwa, Historia Imeenda

Wacha niseme kitu ambacho wengine mtapinga: bastola ya vita iliyopigwa msasa mpaka inang'aa kama sufuria ya harusi imeshakufa. Imebaki chuma tu.

Chukua Webley, bastola ya silinda ya risasi sita iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza. Jeshi la Mwingereza lilipokea Mark I mwaka wa 1887. Matoleo yakafuatana hadi Mark VI ya 1915, na hiyo ndiyo maafisa wengi walikuwa nayo kiunoni Vita vya Kwanza vya Dunia. Unaikunja katikati, inafunguka na kujitolea maganda yenyewe.

Sasa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanaitafuta ikiwa "ya asili", na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Asili si upya. Asili ni vile ilivyotoka jeshini ndivyo iko. Namba ya silinda inalingana na ya fremu. Mshale wa serikali bado unasomeka. Rangi imefifia pale ilipokuwa ikisuguana na mfuko wa ngozi. Hata marekebisho ya jeshi lenyewe ni asili: kuna Mark I zilizorudishwa kuboreshwa zikaongezewa alama ya nyota. Na ukiona mishale miwili imeelekezeana vichwa, ujue serikali iliiuza. Yaani ukijua kusoma, hiyo bastola ni faili nzima.

Halafu biashara ikaingia. Baada ya vita vya pili, Webley nyingi ziliuzwa Marekani. Shida ikawa risasi zake za .455 ni ngumu kupata huko, na zile za .45 za jeshi la Marekani ziko kila mahali. Wauzaji wakafanya nini? Wakakwangua nyuma ya silinda ili .45 itoshee. Kazi ya haraka, bei poa. Lakini risasi hizo zina msukumo mkubwa kuliko ule Webley ilitengenezewa, kwa hivyo anayezifyatua anacheza na mkono wake. Na chuma kikishakwanguliwa hakirudi. Ndio maana leo ambayo haikuguswa ina bei kuliko ile iliyokwanguliwa, hata kama iliyokwanguliwa inapendeza zaidi kwa macho.

Kwani Mkenya inakuhusu nini? Kwanza, sikuambii utafute bastola. Hapa bila leseni ni jela, na ni sawa. Lakini vita hivyo vilipiganwa kwetu pia. Salaita, kule Taita Taveta, watu walikufa Februari 1916. Maafisa wa Mwingereza walikuja na silaha zenye mwaka, namba na mhuri wa serikali. Nyuma yao walikuwa wapagazi wa Carrier Corps, waliobeba chakula na risasi kichwani. Makumi ya maelfu hawakurudi, wengi kwa magonjwa na njaa, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Mwaka wa 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikubali hivyo na kuomba radhi.

Hebu fikiria hiyo. Chuma cha Birmingham kilihesabiwa kimoja kimoja. Baba zetu wakahesabiwa kwa jumla. Ukiiona Webley na alama zake zote, hiyo tofauti iko mbele ya macho yako, hakuna wa kukubishia. Ukiifuta alama, inabaki pambo la ukutani, na dola iliyoibeba inaonekana safi kuliko ilivyokuwa.

Kwa hivyo mimi niko upande wa wakusanyaji wanaokataa msasa, hata kama wao wanawaza bei na mimi nawaza ushahidi.

Na kuna kazi ya nyumbani. Kama kwenu kuna medali ya babu aliyekuwa KAR vita vya kwanza, iangalie ukingoni kabla mtu hajaipeleka kwa fundi kung'arishwa. Mara nyingi namba na jina lake vimechongwa hapo, kwa herufi ndogo sana. Zipige picha, ziandike kwenye daftari, halafu hiyo medali iache na weusi wake.