Pengo la Meno Mawili

Akifariki mtu mashuhuri hatukosi kuambiwa kwamba ameacha pengo ambalo si rahisi kuzibika. Wiki hii sizungumzii pengo la mfano. Nazungumzia pengo lenyewe, lile la kinywani, ambalo siku hizi linazibika kwa mwenye uwezo. Naanzia Terrat, pembezoni mwa Arusha. Na ninaposema Terrat nina maana ya kata ile ya kusini mwa jiji, si Terrat ya Simanjiro.

Kiswahili kina maneno mawili hapa. Uwazi aliozaliwa nao mtu kati ya meno yake ya mbele huitwa mwanya, na mwenye mwanya husifiwa hata akachumbiwa kwa sababu yake. Uwazi ulioachwa na jino lililotoka ni pengo, na mwenye pengo huchekwa. Sasa mtazame mzee wa Kimaasai au wa Kiarusha asiye na meno mawili ya katikati ya taya la chini, umwambie kuwa ana pengo. Hatakuelewa. Kwa Kimaasai uwazi ule huitwa embuata, na mwenyewe hauoni kuwa ni upungufu. Meno yale hayakuoza, wala hayakutolewa kwa ngumi ya ulevi. Yaling'olewa makusudi kwa kisu: kwanza yale ya utoto, kisha yale ya ukubwa yalipoota mahali pale pale.

Sababu inayotajwa na wazee ni ugonjwa wa pepopunda. Mgonjwa wa pepopunda hukaza misuli, meno yakabanana, kijiko kisipite. Mwenye embuata huweza kunyweshwa maziwa na dawa kupitia ule uwazi. Wapo wasomi wanaoicheka sababu hii, lakini mimi sicheki. Maziwa hayaponyi pepopunda, hilo ni kweli, lakini mgonjwa aliyefungwa kinywa huteswa na kiu na njaa juu ya ugonjwa wenyewe, na mfugaji aliyekuwa mbali na zahanati kwa mwendo wa siku mbili hakuwa na njia nyingine. Juu ya hayo uwazi ule ukawa urembo, ukawa na alama ya kabila pia. Na Wamaasai hawakuwa peke yao. Wajaluo walikuwa wakiondoa meno sita ya chini, na Wadinka na Wanuer wa Sudani Kusini nao wana desturi iliyo jirani na hiyo.

Hapo ndipo inapoingia hadithi ya Joseph Thomson. Huyu alikuwa Mskochi mwenye umri wa miaka 25, aliyetumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza mwaka 1883 kutafuta njia ya kupita nchi ya Wamaasai kutoka pwani hadi Ziwa Victoria. Alipita Taveta, akapita chini ya Kilimanjaro, na kila mahali alitozwa hongo na kuzungukwa na morani waliotaka kumwona kiumbe huyu ni kitu gani. Thomson alikuwa na meno mawili ya bandia. Akaanza kuyatoa na kuyarudisha mbele ya watu. Yeye mwenyewe ameandika katika kitabu chake cha mwaka 1885 kwamba Wamaasai walishangaa mno, wakadhani anaweza kufanya vivyo hivyo na pua au macho, wakampa heshima ya laiboni mweupe. Mwaka huo huo wa 1885 mwandishi Rider Haggard alitoa riwaya ya Mashimo ya Mfalme Sulemani, na humo yumo mzungu anayewatisha Waafrika kwa meno ya bandia. Tangu hapo kichekesho hiki kimesimuliwa mara nyingi, na kila mara anayechekwa ni Mmaasai.

Mimi naomba tukitazame upande wa pili. Waliosimama pale walikuwa watu ambao kwa mila yao wametolewa meno mawili, wakimtazama mtu ambaye naye amepungukiwa na meno mawili. Tofauti ni kwamba wao waliuonyesha uwazi wao, na yeye aliufunika wake. Kwao pengo halikuwa na haja ya kuzibwa. Kwa hiyo haishangazi kwamba walipomwona mtu anayebeba meno ya akiba kinywani walimhesabu kuwa mganga. Je, wangemhesabu kuwa nani?

Na hao Wazungu walizibaje mapengo yao? Historia yao katika jambo hili si safi. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alivaa meno yaliyochongwa kwa pembe za kiboko na kuchanganywa na meno ya binadamu. Na katika hesabu za nyumba yake ya mwaka 1784 yameandikwa malipo kwa watu weusi kwa ajili ya meno tisa. Katika karne hiyo hiyo ya 18, huko London, daktari wa upasuaji John Hunter alitangaza ufundi wa kung'oa jino zima kwa mtu mmoja na kulisimika papo hapo kwa mwingine. Aliyeng'olewa alikuwa maskini, mara nyingi mtoto, na aliyesimikiwa alikuwa tajiri. Mara nyingi jino hilo lilidumu kwa muda mfupi tu, kisha likalegea, na pengine lilileta maradhi. Baada ya vita vya Waterloo vya mwaka 1815 maiti za askari ziling'olewa meno yakauzwa kwa watengeneza meno ya bandia. Nikiyapima hayo na kisu cha ng'ariba wa Kimaasai, ambaye walau hakumuuzia mtu jino la mtoto, sioni nani wa kumcheka mwenzake.

Jambo lililowashinda wote hao lilikuwa moja. Meno ya bandia hukaa juu ya ufizi. Hayana mzizi. Mwili nao hukikataa kitu kigeni kinachosimikwa ndani ya mfupa, ukakizungushia usaha au nyama laini hadi kikatoka. Kulikuwa na dalili ya zamani kwamba inawezekana: mwaka 1931 huko Honduras lilipatikana taya la mtu wa kale, la karne nyingi kabla ya Wazungu kufika huko, likiwa na vipande vitatu vya kombe la baharini vilivyochongwa mfano wa meno na kusimikwa mahali pa meno ya mbele ya chini. Lakini hilo lilibaki kuwa jambo la makumbusho.

Jibu lilikuja kwa bahati. Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa mjini Lund akichunguza namna damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura. Alitumia kifaa kidogo cha titani, madini mepesi na magumu yasiyoshika kutu. Utafiti ulipokwisha akataka kukitoa kifaa chake, maana kilikuwa cha ghali, lakini hakikutoka. Mfupa ulikuwa umekishika kana kwamba ni sehemu yake. Mtu mwingine angekasirika akaagiza kingine. Brånemark alijiuliza maswali kwa miaka zaidi ya kumi, na mwaka 1965, mjini Gothenburg, akamsimikia Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya na asiye na meno ya chini, mizizi minne ya titani. Larsson alitafuna kwa mizizi hiyo hadi alipofariki mwaka 2006, yaani miaka 40 na zaidi. Madaktari wengi walimdhihaki Brånemark, na ni baada ya mkutano wa Toronto mwaka 1982 ndipo ulimwengu ulipokubali.

Kazi yenyewe si ya miujiza. Daktari hutia ganzi, hutoboa mfupa wa taya na kukaza ndani yake kitu mfano wa skrubu. Katika utaratibu wa Brånemark ufizi ulifungwa, mgonjwa akasubiri miezi mitatu kwa taya la chini na sita kwa taya la juu ili mfupa ushike. Baadaye ndipo jino la kauri huwekwa juu. Siku hizi hufanywa hata katika kliniki za miji yetu mikubwa.

Sasa turudi Mlima Meru. Je, ni nani huku kwetu mwenye pengo? Wa kwanza ni yule aliyekwenda na jino bovu akang'olewa. Madaktari wa meno walianza kusomeshwa hapa nchini, Muhimbili, mwaka 1979, na hata leo katika vituo vingi vya afya tiba ya jino ni koleo. Mwananchi huja akiwa amechelewa, dawa ya kuziba haipo, jino linatoka. Wa pili ni mtoto wa "meno ya nailoni". Mtoto mchanga anaharisha na kupata homa, mtu anaona ufizi umevimba mweupe mahali pa chonge, anasema hilo ni jino la nailoni, na mganga analichokoa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Imani hii ilienea sana hapa nchini katika miaka ya 1980, na haina utetezi wowote. Mtoto anayeharisha anahitaji maji yenye chumvi na sukari na kupelekwa zahanati. Akichokolewa ufizi anaweza kufa kwa damu au kwa vijidudu, na akipona chonge lake la ukubwani huota bovu au lisiote kabisa. Hapo sina heshima ya mila ya kutoa, na hata sijui kama tunaweza kuiita mila.

Wa tatu ni kijana wa embuata. Huyu ndiye aliyenifanya niandike maneno haya. Mpango wa chanjo wa taifa ulianza mwaka 1975, na chanjo ya pepopunda imo ndani yake, kwa hiyo sababu ya wazee imepungua nguvu. Lakini kabla chanjo haijafanya kazi yake, mji ulikuwa umekwisha kuibadili maana ya uwazi ule. Tukumbuke kampeni ya mwaka 1968 mkoani Arusha, Wamaasai walipotakiwa kuacha rubega na kuvaa suruali. Suruali inavaliwa asubuhi na kuvuliwa jioni. Jino lililong'olewa ukiwa na miaka minane halirudi kwa amri ya mkuu wa mkoa. Kijana anashuka kutoka Terrat kuja mjini kutafuta kazi ya hoteli au ya duka, anafungua kinywa, na kilichokuwa embuata nyumbani kinageuka pengo kabla hajafika stendi. Hakuna kilichobadilika kinywani mwake. Walioitazama ndio waliobadilika.

Bibi mmoja wa huko nilimwuliza kama watoto wa siku hizi bado wanatolewa. "Wajukuu zangu sijawagusa, mwanangu," akanijibu. "Walimu watawacheka." Hakutaja chanjo wala daktari.

Je, kijana huyo akitaka kuzibwa tumwambie nini? Swali hili limekwisha kuulizwa mbali na hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika jimbo la Nebraska huko Marekani, wakimbizi wa Kidinka na Kinuer waliong'olewa meno ya chini utotoni walianza kusimikiwa mizizi ya titani, na wataalamu waliohusika wakaandika juu ya haki na uzito wa kufanya hivyo. Kwao meno yale yalikuwa heshima. Nebraska yakawa kikwazo cha kutamka Kiingereza na cha kuonana na watu. Wapo wanaosema kumzibia mtu kama huyo ni kumfutia kabila lake. Mimi sikubaliani nao. Aliyetolewa meno hakuulizwa; akitaka kuyarudisha aulizwe yeye, si sisi. Lakini pia asisukumwe na mwajiri, na asidanganywe kuwa ni jambo la siku moja.

Maana zipo taabu. Mahali palipokaa bila jino tangu utotoni mfupa hukonda, kama ukingo wa mto usio na miti, na skrubu huhitaji mfupa mnene; pengine lazima uongezwe mfupa kwanza. Meno ya jirani nayo huwa yameinamia uwazi. Kijana ambaye taya lake bado linakua hasimikiwi. Mvutaji wa sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wana hatari zaidi ya mfupa kukataa. Na gharama si ya mbuzi, ni ya ng'ombe, pengine zaidi ya mmoja. Ndiyo maana wengi watapewa meno ya bandia ya kutoa na kurudisha, yaani kama yale ya Thomson.

Kuna na jambo moja la Arusha peke yake. Maji ya miteremko ya Meru yana floraidi nyingi kutokana na mawe ya volkano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 katika lita, na nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu hadi 8 kwa kukosa maji mengine. Kule Ngurdoto wataalamu wamekuwa wakiichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Aliyekua akinywa maji yale ana meno ya rangi ya kahawia, na jino la kauri haliguswi na floraidi. Kwa hiyo fundi wa meno wa huku hana budi kuchukua jino jipya, jeupe kabisa, na kulipaka kahawia ili lifanane na majirani zake. Wateja wengine hukubali. Wengine wakiisha kulipa fedha zote hizo husema hapana, wanataka liwe jeupe.